Magneta ikishalipuka, lile joto linaendaga wapi?

kipimajoto: Wakuu habari. Nafuatilia hizi nyota za nyutroni (mabaki yaliyoshindiliana ya nyota kubwa zilizokufa) zenye sumaku kali, magneta, kuna kitu kinanitatiza. Magneta moja, XTE J1810-197, iliwaka 2003, eksirei zake zikapanda kama mara mia hivi, ikachukua miaka kadhaa kurudi ilipokuwa, na mwisho wa 2018 ikawaka tena. Sasa kidude cha kilomita 20 na ushee kwa upana kwanini kisipoe fasta? au kwa uzito ule kwanini kisikae na joto karne nzima?

gamba_gumu: Kwanza haipashwi nyota nzima mkuu, ni kipande tu. Sumaku ya mle ndani (tunaongelea gauss, kipimo cha nguvu ya sumaku, trilioni 100 mpaka 1000) inalisukuma gamba, lile tabaka gumu la nje la nyota, mpaka linavunjika au linateleza, nishati inageuka joto humohumo gambani, na gamba lenyewe lina unene wa kama kilomita moja. Sasa hilo joto wala halipandi lote juu, SEHEMU KUBWA inazama kwenye kiini na huko nyutrino (vichembe vinavyopenya karibu kila kitu) zinalibeba zinatokomea nalo, wewe na darubini yako ya eksirei huambulii kitu. Tunachokiona ni chenji inayopenya kuja juu, inapenya polepole ndo maana miezi, miaka. Pia ndo maana mng'ao wa uso una kikomo, ongeza joto gambani utakavyo, nyutrino zinakuwahi.

msokoto: Hiyo ni nusu ya habari. Chukua magneta SGR 1745-2900, iliwaka Aprili 2013 jirani kabisa na shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu. Darubini za eksirei za angani, Chandra na XMM-Newton, zimeifuatilia miaka, ikawa inapoa taratibu kuliko hesabu za gamba zinavyotaka, kwahiyo kuna kitu bado kinaichochea. Mimi nasimama na wanaosema ni mistari ya sumaku nje ya nyota, imejisokota kama kamba, msokoto unalazimisha umeme upite na chembe zinarudi kugonga uso, zinapotua panaungua. Msokoto ukilegea eneo linalogongwa linapungua. Na ndivyo vipimo vinavyoonyesha kwa magneta nyingi, doa la moto, hilo eneo linaloungua usoni, linasinyaa. Kama ni gamba tu linapoa niambie kwanini doa linasinyaa.

kipimajoto: Sasa nimshike nani hapa 😅

gamba_gumu: Wote, maana huo msokoto anaoupenda jamaa unaletwa na gamba kuteleza, bila gamba hana kamba. Mi nadhani mwanzoni joto la gamba lina mchango mkubwa, mbele huko msokoto unashika usukani, ila uwiano unatofautiana nyota kwa nyota. Halafu usiamini sana sumaku inayopimwa kwa nje, magneta SGR 0418+5729 ya 2009 ilipopimwa kwa jinsi mzunguko wake unavyopungua kasi ikakutwa na gauss trilioni 6 tu, sawa na pulsa (nyota ya nyutroni inayozunguka na kutuma mapigo ya mawimbi) ya kawaida, na bado ililipuka.

msokoto: Hapo kwenye 0418 sina ubishi, mzigo wa sumaku uko ndani. Ila doa hujalijibu.