Naomba ushauri: kufunga kenchi kwenye lenta iliyokwishamwagwa

Wakuu, habari. Nyumba ipo pwani ya Mtwara: ya tofali za saruji, bati geji 30, kenchi (fremu za kubeba paa) za mbao za inchi mbili kwa nne zilizopigwa misumari tu. Baada ya vimbunga Kenneth (2019) na Hidaya (2024), huku kusini si pa kubahatisha.

Upepo wa kilomita 120 kwa saa una nguvu ya takriban kilo 68 kwa kila mita ya mraba, pembeni mwa paa zaidi, na unanyanyua. Bati hilo halifiki kilo 3 kwa mita hiyo. Dirisha likivunjika, upepo unaingia na kulisukuma paa kutoka chini pia. Ndiyo maana mawe juu ya bati hayafai: yanageuka makombora.

Nataka mkanda wa chuma upite juu ya kila kenchi, ushuke pande zote mbili. Lakini lenta (boriti ya zege juu ya ukuta) haikuachiwa nondo za kufungia. Nitoboe lenta niweke bolti za kutanuka za milimita 12, au nizungushe mkanda chini ya lenta? Nahofia zege la ukingoni kupasuka. Na chumvi ya bahari je, mkanda na bolti zenye zinki zinatosha?

Maji ya akiba kimbunga kikija nimeshapiga hesabu: watu 5, lita 4 kila mmoja, siku 3, madumu matatu ya lita 20.