Naomba ushauri: kaunta buku la maombi la marehemu baba mkubwa

Ndugu zangu, baba mkubwa alipigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Alipotoka vitani hakupenda kusimulia risasi, alisikiliza watu. Wavuvi wa Mwaloni Kirumba, wajane, vijana walioshindwa na pombe, wote walikaa kwenye benchi lake, akawashauri, kisha wakasali rozari pamoja. Mtu wa imani hasa!

Ameacha kaunta buku lenye majina yao na shida ya kila mmoja. Ombi likijibiwa, alichora msalaba mdogo kwa penseli pembeni. Shangazi anataka lisomwe siku ya arobaini. Mimi nasema hapana, hizo ni siri za watu, na wengi watakuwepo kanisani. Tumkabidhi paroko, tulichome, au tusome bila majina? Shangazi nimwambieje asiumie?