Cheni ya transfa (boksi la kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) inaruka meno, nibadilishe nini?

Wakuu, habari zenu. Nina Pajero ya 1998, gia za mkono. Kwenye 2H (inasukuma magurudumu mawili) inatembea kimya. Nikiweka 4H (yote manne) na kupanda mlima inagonga ka! ka! ka! chini ya miguu, kama mtu yuko huko na nyundo. Nimemwaga oili ya transfa: nyeusi tii, imejaa unga wa chuma unaong'aa. Kosa langu, sijawahi kuibadilisha tangu niinunue.

Fundi anasema cheni imerefuka. Je, niweke cheni mpya peke yake au na sproketi zake (gia za meno zinazoizungusha) zote mbili? Mwingine ananishawishi nichukue transfa nzima ya mtumba pale mtaa wa Gerezani, Dar, lakini cheni ya hiyo nayo nitaipimaje kabla sijalipa?