Bomba la ndani ya chimni limetoboka, nizibe au nibadilishe?

Mkazi_Njombe: Wakuu habari, nyumba yangu ina jiko la kuni la kuotea moto, bomba la bati lililopita ndani ya chimni ya tofali limeoza kwenye maungio, moshi unarudi sebuleni na kuna maji meusi yananata yanachuruzika ukutani. Fundi anasema apake silikoni tu. Baridi ya Juni hii watoto wanalala humo humo, nisaidieni.

Fundi Mabati: Mkuu zima hilo jiko leo, usisubiri. Moshi ukirudi ndani unaleta kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua watu usingizini. Silikoni ya kawaida haihimili joto la bomba la kuni. Bati likishaoza toa lote, weka stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi), daraja la 316 ukipata, kiraka ni cha tundu dogo tu na kipigwe ribiti. Halafu angalia maungio, ncha nyembamba ya kila kipande cha bomba ielekee chini kwenye jiko, ili huo uchafu mweusi urudi motoni badala ya kuvujia nje.

mama wa miwati: Hayo maji meusi ni kuni mbichi baba, ndo zinazokula bati. Pasua, panga chini ya paa upepo upite, ziache miezi 6 au zaidi. Na kofia ya kuzuia mvua ipo huko juu ya chimni? mvua ikiingia kwenye masizi inatengeneza asidi, hata bomba jipya halitadumu.

Mkazi_Njombe: Kofia iling'oka na upepo! Jiko nimezima, asanteni sana.

Fundi Mabati: Safi. Na ukifunga jipya sugua masizi kila mwaka kabla ya baridi, yakiwa mazito yanawaka ndani ya bomba.