Mjane wa tamthilia ya Lamu: mabadiliko yake yaonekane vipi kwenye nguo na nywele?

FundiMavazi_Langoni

Assalam alaykum. Natayarisha mavazi ya tamthilia ya vipindi 10 itakayopigwa Lamu mjini na Shela. Mhusika mkuu ni mwanamke wa mtaa wa Mkomani, Lamu mjini, miaka 34, mke wa nahodha. Kipindi cha 3 mume afa baharini. Cha 4 hadi cha 7 yumo edani. Cha 8 atoka na kuishika kazi ya jahazi, huku shemeji yake akiitaka.

Mtayarishaji ataka "mabadiliko makubwa": kipindi cha 8 atoke nywele wazi zilizonyooshwa, suti na viatu virefu. Mimi naona huyo atakuwa mtu mwingine kabisa. Naomba mnisaidie: mabadiliko niyaweke wapi, nywele zionekane lini, na muda wa eda mtazamaji auone vipi bila kuandika "miezi minne baadaye" kwenye skrini? Hatupigi kwa mpangilio wa hadithi. Maonyesho ya mwisho ya kipindi cha 10 yapigwa wiki ya kwanza. Fedha zatosha mavazi 12 hivi.

BintiMkomani

Wa alaykum salaam dada. Anza na nywele, maana hapo ndipo Waamu watakapokukamata kwanza. Nywele za mwanamke huyu ni mlango, haziwi cheo cha kupandishwa kipindi hadi kipindi. Kila onyesho uliza: nani yumo ukumbini? Akiwa na mumewe, babake, kakake, wanawe au wanawake wenzake, leso iko mabegani au imewekwa kando. Shemeji si maharimu yake, mume awe hai au amekufa. Akipiga hodi, leso hurudi kichwani kabla ya mlango kufunguliwa. Kumkalisha mjane kichwa wazi na nduguye marehemu wakijadili mirathi ni kosa kubwa: mtazamaji wa hapa hatasikia neno hata moja la mirathi, atakiangalia kile kichwa.

Ukilijua hilo umepata kazi kubwa ya uigizaji bila gharama. Kipindi cha 1 shemeji akija, bibie apandishe leso kwa mkono mmoja, taratibu, huku akiendelea na maneno yake. Nyumba ina amani. Kipindi cha 5 aivute kwa mikono miwili na kuikaza chini ya kidevu. Kipindi cha 9 shemeji aingie amkute keshajifunga mtandio, kaubana kwa pini, kaketi akiutazama mlango. Nywele hazikuonekana hata mara moja na mtu amesomeka wote.

Kwa hivyo zile nywele wazi zikatae. Mtayarishaji akizing'ang'ania, mpe onyesho moja la ndani, mhusika akisukwa na dadake au shoga yake, na liwe pale anapotoa siri. Litakuwa na nguvu kwa sababu ni moja tu.

Mavyaa wake, yaani mama mkwe, usimsahau. Mvike buibui la kamba la zamani, na mkaza-mwana avae la mikono la siku hizi. Vizazi viwili vyaonekana kabla hawajasema lolote.

MwendelezoKwanza

Eda ya mjane ni miezi minne ya mwandamo na siku kumi, kama siku 128. Hakikisheni kwenye muswada kwamba hana mimba. Akiwa mjamzito eda huisha akijifungua, na hesabu yangu yote hapa chini yavunjika. Katika siku hizo hapaki hina wala wanja, hajitii manukato, havai dhahabu wala nguo ya pambo. Kuoga, kuchana na kukata kucha hakukatazwi, basi msimchafue. Mjane wa nywele timutimu na nguo yenye madoa ni uvivu wa wabunifu.

Saa yako ya eda iko vidoleni. Hina ya ngozi hukolea kwa siku mbili hivi, kisha hupauka na kwisha wiki ya pili au ya tatu. Ya kucha haitoki, hungoja kucha ikue, na kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Mpake hina kwa harusi ya jamaa kipindi cha 2, siku chache kabla ya msiba. Wiki ya kwanza ya eda viganja bado vyekundu na kucha zimejaa rangi, na hilo peke yake laumiza kulitazama. Mwezi wa kwanza ngozi ni safi, shinani mwa kucha pana milimita 3 bila rangi. Mwezi wa pili 6, wa tatu 9. Akitoka edani imebaki kama hilali nyembamba nchani, na kwa kucha fupi haipo tena. Mpigeni picha kwa karibu akivuta tasbihi, akichambua mchele, akishika kikombe. Hakuna haja ya maandishi yoyote.

Mwigizaji asipakwe hina ya kweli, maana mwaanza na kipindi cha 10 na haitafutika. Kwa ngozi tumia stika za hina, au penseli ya nyusi ya kahawia iliyoelekea wekundu, kisha poda isiyo na rangi. Kwa kucha, changanya tone 1 la rangi ya kucha ya hudhurungi na matone 3 ya ile isiyo na rangi, paka, halafu malizia kwa ile isiyong'aa. Ukiacha mng'ao yaonekana rangi ya dukani. Mpaka wa chini uwe umepinda kufuata nyama ya kucha. Mstari ulionyooka wamfichua mpakaji. Asetoni yaifuta kwa dakika mbili.

Piko msiiguse kabisa. Zile rangi nyeusi za nywele zina kemikali inayoweza kuchoma ngozi, na malengelenge ya mikono yasimamisha kazi.

Jambo jingine dogo: kama mhusika ana kipini puani na mwigizaji hakutobolewa, mtatumia cha kubana. Sawa, lakini kipini kikivuliwa edani tundu lazima libaki. Nukta ya penseli ya kahawia kila siku ya kupiga, mahali palepale. Pima kutoka kwenye ukingo wa pua na uandike.

Na daftari lako lipange kwa siku ya hadithi, si kwa kipindi: siku, tukio, nguo, namna leso ilivyofungwa, nywele, kucha, vito. Picha nne kwa kila vazi: mbele, nyuma, kulia, kushoto.

MsusiMalindi

Naongeza kwenye nywele. Muulizeni mwigizaji mapema na kwa faragha kama yuko tayari nywele zake zionekane, maana wapiga picha ni wanaume. Akikataa, wigi juu ya kofia ya ndani, na uamuzi kama hilo lamtosha ni wake peke yake, asishurutishwe.

Gundi ya wigi huachia kwa jasho la Lamu. Tumia ukanda wa mahameli chini ya wigi na pini nne: mbili kwenye panja, mbili kisogoni. Maonyesho mengi yatakuwa na leso juu, kwa hivyo hapahitajiki wigi zima. Shona kwenye kofia nywele za mbele upana wa vidole vitatu, na ncha ya msuko mmoja wa kuning'inia nyuma. Ni nafuu na kichwa hakivimbi.

Kipindi cha 1 mpe mistari myembamba iliyosukwa kwa utulivu, kichwa kinang'aa. Msiba ukitokea, mistari ileile iendelee wiki mbili bila kusukwa upya: vinyweleo vimesimama kwenye paji, mistari imelegea shinani. Paka jeli kinyume cha msuko kwa mswaki laini uzisimamishe. Baadaye abadilishe awe na twende kilioni, mistari minene sita hadi nane ya kurudi nyuma. Husukwa upesi, haina urembo, na jina lake lajisema.

Asumini na vikuba (vishada vya maua na majani ya kunukia) viweke kipindi cha 1 na cha 2 tu. Asumini hunyauka haraka kwenye taa, andaa vishada vitatu kwa kila onyesho na uvitie kwenye sanduku la barafu, vikiwa ndani ya kitambaa chenye unyevu.

FundiMavazi_Langoni

Ahsanteni sana, wazo la kucha nimelichukua. Sasa kipindi cha 8. Suti nimeikataa, lakini lazima aonekane ameshika kazi. Na leso, je, zitoshe ngapi?

KisutuNaPindo

Dada, lugha yenyewe imekujibu: ajifunge kibwebwe, yaani akaze leso kiunoni kama mtu aliyejitolea kwa kazi. Chukua leso moja, upana wake ni kama sentimita 110, ikunje mara mbili upate mkanda wa sentimita 27 hivi. Urefu ni kama 150. Kwa kiuno cha 85 wabaki na 65 za fundo. Afunge juu ya buibui lilelile la kipindi cha 1, fundo ubavuni. Mikono ya buibui iingie mpira ndani ya pindo, ili ikipanda hadi nusu ya mkono wa chini isishuke. Chini yake avae vikono vya ndani vyeusi. Ndala aziache, avae makubazi. Daftari la jahazi na kalamu viwe kibwebweni. Vingine usibadilishe, kwa sababu buibui lililozoeleka ndilo litakaloonyesha kwamba mwili ndani yake umebadilika mwendo.

Leso nunua doti sita (doti ni leso mbili pamoja), mbili kati yake ziwe za muundo mmoja. Kisutu cha harusi yake ni cha lazima, chekundu, cheusi na cheupe. Kiwe kimefuliwa hadi kimelainika, kisiwe kipya. Leso za dukani huja doti nzima, hazijakatwa wala kupindwa, zina wanga. Zisipofuliwa husimama kama karatasi, hung'aa kwenye taa na huchakarisha kipaza sauti cha kifuani. Loweka usiku kucha kwa maji baridi, kila rangi peke yake, fua mara tatu, anika kivulini. Ya kuzeesha ifue mara kumi na uianike juani, kisha isugue kwa msasa laini pale mikono inapoishika tu: ncha mbili za fundo, paja, na pindo la chini. Ukisugua kote yaonekana tambara. Weupe uliozidi ni adui wa kamera. Chovya kwenye lita 5 za maji moto yenye vijiko 4 vya majani ya chai, dakika 15, suuza.

Jina la leso pia ni mavazi. Kuanzia kipindi cha 8 mimi ningempa "Japo sipati tamaa sikati", na asiwepo mtu wa kulisoma kwa sauti. Kumbuka jina liko chini ya mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, karibu na pindo, kwa hivyo akijitanda huangukia mgongoni na kwenye kibwebwe hukunjwa ndani. Apigwe picha kwa nyuma akipanda uchochoro, amejitanda leso ya pili ya doti ileile. Edani, leso ya mafumbo au mipasho isionekane.

Buibui jeusi chagua kitambaa kisichong'aa, na shona matatu yanayofanana. La kipindi cha 9 lipate chumvi ya gatini: vijiko 3 vya chumvi kwa glasi moja ya maji, nyunyiza sentimita 10 za chini, likauke lenyewe. Bega moja pakaza vumbi jeupe la chokaa, kwa kuwa vichochoro ni vyembamba na kuta zashika nguo.

BintiMkomani

Na Shela ufukweni, kama mwapiga wakati wa kusi, msimu wa pepo za kusini, upepo utalipandisha buibui hadi magotini. Shona sarafu nane ndani ya pindo, kila moja kwenye kifuko chake zisigongane, na mtandio ubane kwa pini mbili mabegani, si moja chini ya kidevu.