Ushauri: Nawapataje wachezaji wa RPG ya anga yenye giza, kwa Kiswahili, mtandaoni?

Nahodha wa Kiza (Tanga)

Wakuu, heshima kwenu.

Naombeni ushauri. Nasimamia RPG mtandaoni, ile michezo ambayo kila mtu anabeba mhusika wake, msimamizi anaeleza kinachotokea, na penye mashaka dadu ndiyo inayoamua. Sasa nataka kuanzisha mchezo mpya kwa Kiswahili mwanzo mwisho. Hakuna mazimwi wala mapanga. Ni anga za juu, mwaka 2431, upande wake wa giza: meli chakavu, kampuni inayokutoza hewa unayovuta, wachimbaji wenye deni lililorithiwa tangu kwa babu, na kituo kimoja kwenye mwamba wa mbali ambacho kimeacha kujibu simu ya upepo.

Kanuni ni za Mothership, mchezo wa Sean McCoy uliotoka 2018. Nimeupenda kwa sababu hauchoshi kufundisha. Unarusha dadu mbili za pande kumi, unasoma asilimia, ukipata chini ya namba ya uwezo wako umefaulu. Ukishindwa, msongo wako unapanda. Unaanza na msongo 2, na kadiri unavyopanda ndivyo hofu inavyokusogelea: kuna wakati unarusha dadu ya pande ishirini, na ikitua kwenye namba ya msongo wako au chini yake, mhusika anapagawa. Hapo ndipo utamu ulipo. Mtu jasiri anaweza kuufunga mlango wa meli wenzake wakiwa bado nje, na meza nzima ikamwelewa. Kitabu cha mchezaji ni bure kwa PDF, na karatasi ya mhusika nimeshaiandika kwa Kiswahili.

Tatizo ni watu. Nikitangaza, wanajibu "nipo mkuu", "niweke", wanaingia kwenye seva ya Discord (programu ya makundi kuongea na kuandikiana), halafu kimya. Siku yenyewe anatokea mmoja, au wawili wasiojuana na wanaona haya kuongea. Tangazo langu linaanza hivi:

"Mwaka 2431. Karne mbili zimepita tangu Vita vya Obiti vivunje serikali za Dunia, na Makampuni Saba yakagawana sayari. Kutoka bandari ya anga ya Malindi, meli hupanda kila alfajiri zikiwa zimebeba vizazi vya wadeni..."

Linaendelea hivyo kurasa mbili, na mwisho kuna kiungo cha seva. Naipenda sana dunia hii na nataka wengine waiishi. Nifanyeje niwapate, na wakishakuja wabaki?

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Meza (Nairobi)

Nahodha, salamu. Nimesimamia meza za sauti kwa miaka mingi, na kalamu yako nimeikubali. Lakini nimesoma tangazo lote na bado sijui tunacheza siku gani.

Mtu anayefikiria kujiunga ana maswali yake, na hayahusu Makampuni Saba. Anajiuliza: mimi nitakuwa nani humo ndani, nitafanya nini, na nani wengine, saa ngapi, mpaka saa ngapi, na nikiona hainifai naondokaje bila kumuudhi mtu? Historia ya karne mbili ataipenda akishakuwa na mhusika ambaye historia hiyo imemuumiza. Kabla ya hapo ni kazi ya nyumbani. Sentensi yako nzuri kuliko zote ipo hapa kwenye uzi, na kwenye tangazo haimo: kituo kimeacha kujibu simu ya upepo. Anza nayo hiyo. Halafu waambie wao ndio wametumwa kwenda kuangalia, na wakikataa deni linaongezwa.

La pili, usiwaite kwenye mchezo wa miezi. Waite kwenye usiku mmoja, wa muda wa saa tatu, wenye mwanzo na mwisho. Mtu mwenye kazi na watoto hawezi kukuahidi Jumamosi zake zote kwa ajili ya watu asiowajua, na akiahidi, ndiye huyo anayeyeyuka. Usiku mmoja anaweza. Na mchezo wa kutisha unabeba vizuri hadithi fupi, kwa sababu wahusika wanaruhusiwa kufa. Wale watakaouliza "tunarudi lini?" ndio utakaojenga nao mchezo mrefu. Hao wengine washukuru, usiwafukuzie.

La tatu ndilo wasimamizi wengi hawalifanyi. Mtu akisema "nipo", usimtupie kiungo cha seva ukamwacha mlangoni. Ongea naye dakika kumi kwa sauti kabla ya siku ya mchezo. Mtengeneze mhusika pamoja. Mwulize anaogopa nini kwenye hadithi na hataki kabisa kuona nini. Aliyekwisha kusikia sauti yako na kumpa mhusika jina ni vigumu kukukimbia. Ukitaka wanne mezani, kubali watano au sita.

Kete Kumi (Dodoma)

Mkuu mimi ni mwanafunzi, sijawahi kucheza hizi ila nimevutiwa. Nahitaji kompyuta? Na bando inakula kiasi gani?

Nahodha wa Kiza

Kompyuta huhitaji, simu inatosha. Dadu tunarusha kwa boti, yaani programu ndogo ndani ya Discord, unaandika tu amri. Kuhusu bando: chaneli ya sauti kwa kawaida imewekwa kilobiti 64 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, saa nzima ya mtu mmoja kuongea mfululizo ni kama MB 29. Watu hawaongei wote kwa pamoja, na msimamizi anaweza kuishusha mpaka 8 mtandao ukiwa mbaya, ingawa hapo sauti inakwaruza. Video sifungui kabisa.

Kete Kumi

Sawa mkuu, hiyo naiweza. Ungeyaandika haya kwenye tangazo, maana wengi tukisikia "mchezo wa mtandaoni" tunajua ni wa kompyuta yenye kadi ya picha, tunapita.

Ukhty Maskati (Muscat)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nahodha, Waswahili wa huku tupo wengi tu, na jioni zetu ni ndefu, lakini matangazo yote yameandikwa kana kwamba kila msomaji yuko Dar. Andika saa kwa tarakimu na kwa maneno, na utaje miji. Mtu aliyekulia ughaibuni akiona "saa 3" atadhani ni alasiri. Na wikiendi pia inatofautiana: Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili tunaamkia kazini. Jumamosi saa mbili usiku ya Tanga huku ni saa tatu, hapo niko huru. Ukianza saa nne ya kwenu, unanikosa. Ramadhani ikiingia simamisha kabisa, au uhamishie baada ya tarawehe, ila uwaambie watu mapema.

Jengine, na hili nalisema kwa uzito. Niliwahi kuingia seva moja ya michezo, sitaitaja, kila nikimaliza kucheza nakuta ujumbe wa faragha wa watu wanataka picha na namba. Nikatoka na sikurudi. Wanawake wa Kiswahili wanaopenda hadithi hizi wapo, na wanasoma tangazo lako kimyakimya wakitafuta dalili kama meza ina mtu wa kuisimamia. Andika waziwazi: watu wazima tu, miaka 18 kwenda juu, hakuna kufuatana faragha, na atakayekiuka anatolewa siku hiyohiyo. Halafu umtoe kweli.

Mchimba Shaba (Lubumbashi)

Salamu kutoka Lubumbashi. Mimi nataka kucheza, ila nina neno kwanza.

Umeandika wachimbaji wenye deni na mwamba wa mbali. Kwetu hiyo si ndoto ya 2431. Kutoka mgodi wa Shinkolobwe, hapa hapa Katanga, ilitoka sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945, na waliochimba kwa mikono hakuna aliyewaambia wanachimba nini. Leo ni kobalti. Nina ndugu wanaoshuka kwenye mashimo bila kofia. Kwa hiyo nikisoma "kituo kimeacha kujibu", najua wewe unawaza jini gani limewala. Mimi nawaza orodha ya majina ya walioshuka iko wapi, na nani amewapigia simu wake zao.

Sisemi uache. Nasema kinyume chake: hadithi ya namna hii ikiandikwa na sisi itakuwa na kitu ambacho za wengine hazina. Lakini uwaambie wachezaji tangu mwanzo kwamba wachimbaji ni watu wenye majina, si maiti za kupambia ukumbi. Ukiniahidi hilo, naleta na wenzangu wawili. Kiswahili chetu kina Kifaransa ndani yake, msituchekee.

Nahodha wa Kiza

Ndugu yangu wa Lubumbashi, nimesoma maneno yako mara mbili. Nakuahidi. Orodha ya majina itakuwepo, nitaiandika yote, na itakuwa kitu cha kwanza wachezaji kukabidhiwa kabla ya kupanda meli. Kiswahili cha Katanga karibu sana. Kwenye meli ya 2431 inayobeba watu wa kila bandari ingekuwa ajabu wote waongee kama wa Tanga.

Pweza wa Kusi (Mtwara)

Mimi napingana kidogo na Mzee. Kumwuliza mtu kabla "hutaki kuona nini" kunaua hofu. Kutisha kunatokana na kutojua. Ukishaorodhesha mambo ya giza kwenye tangazo, mchezo umekwisha kabla ya kuanza.

Mzee wa Meza

Pweza, naelewa unakotoka, ila hapo tunachanganya vitu viwili. Siri ya hadithi ni nani amekufa na kwa nini, hiyo hatuitoi. Aina ya giza ni kitu kingine. Mama aliyepoteza mtoto mwaka jana ana haki ya kujua kama kuna vifo vya watoto kabla hajakaa mezani.

Njia zipo na zimezoeleka. Ron Edwards alileta utaratibu wa mistari na pazia. Mstari ni jambo ambalo halitokei kabisa kwenye mchezo wetu. Pazia ni jambo linaloweza kutokea, lakini tunashusha pazia, hatulielezi. Na John Stavropoulos alibuni kadi ya X: mchezaji akiigusa, kilichokuwa kinaelezwa kinaondolewa, na hadaiwi maelezo. Mtandaoni unaandika tu herufi X. Nimeona kinyume cha unachokihofia. Watu wakijua breki ipo, wanaendesha kwa kasi zaidi. Wanaingia gizani kwa hiari yao.

Pweza wa Kusi

Ukiiweka hivyo nimekuelewa. Ila orodha iwe fupi, mstari mmoja tu wa tangazo.

Mzee wa Meza

Mmoja unatosha.

Binti Ungwana (Malindi)

Nahodha, asante kwa kuikumbuka Malindi. Unajua kwamba hukubuni? Tangu 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililowekwa na Waitaliano baharini, hapa kwenye ghuba yetu ya Ungwana. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miale ya eksi kutoka kwenye nyota, na ikapewa jina la Uhuru. Data zake zilisaidia kutambua Cygnus X-1, ambayo wanasayansi walikuja kukubaliana kwamba ni shimo jeusi. Na mahali hapa hapakuchaguliwa bure: karibu na ikweta dunia inazunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, roketi inapanda ikiwa tayari imesukumwa. Kwa hiyo bandari yako ya anga ina asili yake. Itaje kwa mstari mmoja. Mtu wa Pwani akisoma hivyo ataona kwamba hadithi hii inamhusu.

Halafu, wachezaji unawatafuta wapi? Kwenye makundi ya magemu utapata wanaotaka kushinda. Mimi ningeenda kwa wanaopenda kusimulia: makundi ya waandishi wa hadithi, wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili vyuoni, vikundi vya maigizo, watu waliokua wakisikiliza michezo ya redio. Hawajui dadu ila sauti wanayo, na kanuni zako ni za dakika kumi. Waulize wasimamizi wa makundi kabla ya kubandika tangazo, wengi watakuruhusu.

Nahodha wa Kiza

Wakuu, nimekaa nalo jana usiku kucha. Tangazo jipya hili hapa, likosoeni:

"Kituo cha uchimbaji Ungwana-9 kimeacha kujibu simu ya upepo. Meli yenu ndiyo iliyo karibu. Kampuni imewapa orodha ya majina 61 na saa sita za hewa. Mkikataa, deni linaongezwa.

RPG ya kusimulia kwa sauti, kwa Kiswahili cha kokote. Usiku mmoja, muda wa saa tatu. Hujawahi kucheza? Karibu, nitakufundisha. Simu na Discord vinatosha, hakuna kununua kitu, hakuna video. Nafasi nne na akiba mbili.

Jumamosi 20:00, saa mbili usiku Tanga na Nairobi. Muscat saa tatu usiku, Lubumbashi saa moja usiku.

Kuna giza la kufungiwa, deni, vifo na migodi. Wachimbaji ni watu wenye majina. Hakuna ubakaji wala mateso ya watoto. Kadi ya X inatumika. Miaka 18 kwenda juu. Hakuna kufuatana faragha, anayekiuka anatoka.

Ukitaka, jibu hapa: mhusika wako anadaiwa nini, na nani anamngoja nyumbani?"

Ukhty Maskati

Maa shaa Allah. Sasa hili ninajibu. Ongeza London na Minneapolis, ndugu zetu huko wapo. Kwa majira yao ya baridi ni saa kumi na moja jioni na saa tano asubuhi. Wakibadilisha saa zao mwezi wa tatu, huko kote kunasogea mbele kwa saa moja, na hawabadilishi wiki ileile. Wakumbushe.

Mchimba Shaba

Niandike. Wenzangu wawili uwaweke akiba. Mhusika wangu hadaiwi kitu. Amelipa deni lake lote miaka minne iliyopita, karatasi anayo mfukoni, na bado hawajamruhusu kushuka kwenye meli. Mama yake anamngoja Likasi.

Nahodha wa Kiza

Umeandikwa, kiti cha kwanza. Nina swali moja kuhusu hiyo karatasi: sahihi iliyoko chini ni ya nani? Nijibu kabla ya Alhamisi, nataka jina lake liwe kwenye orodha ya Ungwana-9.