Gorila wanalipa wanakijiji, sisi tembo wanatula tu?

KoroshoLiwale: Wakuu, eti Rwanda wanaokaa jirani na gorila wanakula hela ya watalii? Juzi tembo kapita shambani kwangu usiku mihogo kang'oa yote, kabakisha dumu la maji tu, sasa mi nimlinde kwa lipi?

Mmikindani: Kweli mkuu, kuwaona ni dola 1,500 mgeni mmoja, saa moja tu! Asilimia 10 ya mapato ya hifadhi inarudi vijijini tangu 2017, wanajenga madarasa, maji nk

DadaKilwa: Na Gombe kule Kigoma pia, Tacare (mradi wa taasisi ya Jane Goodall wa kusaidia vijiji ili msitu upone) ilianza 1994 kwa miche ya miti baadae mikopo ya kina mama, maana msitu wa sokwe uliishia kwenye kuni na mashamba. Huku Kilwa kuna vijiji vinauza mpingo wa msitu wao wenyewe

KoroshoLiwale: Sawa dada ila kifuta jasho cha mihogo nakidai wapi